Sanduku la Sehemu: Shajara ya Daka la Langoni

Hii ni shajara ya kutengeneza sanduku la vifaa vya kufundishia sehemu, namba kama 1/2 na 3/4. Naandika kwa ajili ya mzazi, shangazi au mwalimu anayetaka watoto waone kuzidisha na kugawanya kwa sehemu kwa macho yao kabla ya kukariri kanuni. Kila kilichoharibika nimekiandika pamoja na bei yake, ili atakayefuata asilipe tena.

6 Januari 2024: Chanzo

Mwana wa kakangu anaingia gredi ya 6 Jumatatu. Leo amenionyesha karatasi yake ya mtihani wa mwaka jana. Swali lilikuwa 3/4 ÷ 1/2, naye akajibu 3/8. Nikamuuliza amefikaje hapo.

"Shangazi, kugawanya si kupunguza? Basi nimepunguza."

Alizidisha juu kwa juu na chini kwa chini, akaona jibu limekuwa dogo, akaridhika. Jibu ni 1½, kubwa kuliko namba zote mbili za swali, na hilo hakulitarajia hata kidogo.

Nikawaita wenzake watano wa mtaani. Akisami wanazijua kutoka somo la Kiswahili, wanazitiririsha bila kukwama: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumni, tusui, ushuri. Lakini hesabu wanasomeshwa kwa Kiingereza. Nilipoandika 1/6 na kuuliza hii ni akisami gani, wawili tu ndio waliosema sudusi. Elimu mbili zimekaa kwenye kichwa kimoja na hazijawahi kuamkiana.

Tumekubaliana kukutana kila Jumamosi baada ya alasiri mpaka adhana ya magharibi, kwenye daka, yaani kibaraza cha mlangoni, la nyumba ya bibi, mtaa wa Langoni, Lamu. Tutasoma kwa Kiswahili kitupu. Namba ya juu tutaiita kiasi, ya chini asili.

13 Januari: Mkate wa sinia haukufaa

Nilinunua mkate wa sinia kwa shilingi 400, nikidhani mviringo ndio njia ya kwanza ya kuonyesha sehemu. Nusu na robo zilikwenda vizuri. Robo tatu ni vipande vitatu, theluthi mbili ya hivyo ni viwili, kwa hiyo nusu ya mkate. Kila mtu aliona.

Kisha nikawapa theluthi mbili ya humusi nne. Hakuna kati yetu aliyeweza kukata mviringo mara tano sawasawa, mimi nikiwamo. Kila humusi ilipokatwa tena mara tatu, ikawa makombo. Mtoto wa miaka kumi hawezi kuamini kwamba vipande ni sawa na huku anamwona mwenzake ana kikubwa, na haki yake.

Mviringo una pande za kukatia za aina moja tu, zote zinatoka kati. Kuzidisha sehemu kunataka mikato miwili inayopishana. Atakayefuata asinunue mkate isipokuwa wa kula.

20 Januari: Mkeka

Jibu tulikuwa tumelikalia. Mkeka wa bibi umetoka kijiji cha Matondoni, na kama mikeka mingi umeshonwa kwa kuunganisha vipande virefu vya ukili. Msichana mdogo kuliko wote alikuwa akivihesabu kwa kidole wakati mimi nikitafuta chaki. Alipofika kumi na viwili nikamwambia, "Hebu nionyeshe theluthi mbili ya mkeka." Akahesabu vinane. Nikawaambia waukunje kwa upande wa pili sehemu nne sawa, tuchukue robo tatu ya hizo theluthi mbili. Ikaonekana bila maelezo.

Mkeka hauandikiki, kwa hiyo nikahamia karatasi za manila, shilingi 40 moja. Ya kwanza niliikata sentimita 50 kwa 50 kwa sababu inapendeza. Theluthi ya 50 ni 16 na visehemu, mistari ikaenda upande. Ya pili nikaikata 60 kwa 50, ikaharibika kwa sababu ileile upande mmoja. Ya tatu ndiyo ninayopendekeza: sentimita 60 kwa 48. Upande wa 60 unagawika kwa 2, 3, 4, 5, 6 na 10. Upande wa 48 unagawika kwa 2, 3, 4, 6 na 8. Zote unapata bila kuchokorana na milimita.

Namna ya kutumia: 2/3 × 4/5. Gawa upande wa 60 mara tano, paka rangi safu nne. Gawa upande wa 48 mara tatu, chora mistari ya mshazari kwenye safu mbili. Vyumba vyote ni 15, vilivyopata rangi na mistari pamoja ni 8. Jibu ni 8/15. Juu kwa juu ni vyumba vilivyopata vyote viwili, chini kwa chini ni vyumba vya karatasi nzima. Kanuni ya kitabuni wakaigundua wenyewe kwenye karatasi ya nne, na sikuitaja mimi.

Hapa pana jambo la lugha ambalo sikuwa nimelifikiria kabla. Kijana mmoja alikataa kwamba 1/2 × 1/3 ni 1/6. Hoja yake ilikuwa nzito: tumeambiwa *tuzidishe*, mbona imepungua? Neno lenyewe linamwambia kitu kitaongezeka, na kwa namba nzima halijamdanganya tangu aanze shule. Nikamwambia asisome alama ya × kama "zidisha" inapokuwa kati ya sehemu. Aisome "ya". Nusu ya theluthi. Akatazama karatasi, akasema sudusi, akanyamaza. Tangu hapo daka zima linasoma "ya".

27 Januari: Nyumba ya vyumba vinne

Namba mchanganyiko zimetula saa nzima. Nilitoa 2½ × 1⅓. Wote sita walizidisha 2 kwa 1, kisha 1/2 kwa 1/3, wakaandika 2 na 1/6.

Njia ya kawaida ni kugeuza ziwe sehemu guni, zenye kiasi kikubwa kuliko asili: 5/2 × 4/3 = 20/6, yaani 3⅓. Wakaifuata, wakapata, lakini hawakuelewa kosa la mwanzo lilikuwa wapi, na mtu asiyejua alikosea wapi atarudi palepale. Nikachora nyumba. Upande mmoja una urefu wa 2 na nusu, wa pili 1 na theluthi. Kuta mbili za ndani zinaigawa vyumba vinne: 2 × 1 ni 2, 2 × 1/3 ni 2/3, 1/2 × 1 ni 1/2, 1/2 × 1/3 ni 1/6. Walikuwa wameingia chumba cha kwanza na cha mwisho, wakaviacha viwili vya kati havijafunguliwa. Wakajumlisha vyote vinne, ikatoka 3⅓ ileile.

Kosa dogo la siku hiyohiyo: nilipowafundisha kurahisisha kwa kukata kiasi cha upande mmoja na asili ya upande wa pili, wawili walikata pia kwenye 2/3 + 3/4. Sasa tunaanza kila swali kwa kuisoma alama kwa sauti, kwa maana kukata huko ni kwa "ya" tu.

3 Februari: Vipimo

Kwa kugawanya nilitaka kitu cha kuchota. Bibi amekulia kwenye pishi na kibaba, vipimo vya zamani vya nafaka, vibaba vinne pishi moja, na bado anapima mchele kwa mkebe wake. Nikakata chupa za soda za plastiki nitengeneze nusu, theluthi na robo ya chupa nzima. Nilipima kwa rula: urefu wa chupa, gawa kwa mbili, piga alama.

Ikawa hasara ya jioni nzima. Chupa ina kiuno na kitako cha mabonde, kwa hiyo nusu ya urefu si nusu ya ujazo. Tulipomimina nusu mbili zikapita mstari wa nzima, na watoto wakaandika kwamba nusu na nusu ni zaidi ya moja. Nikazitupa zote.

Marekebisho: pima kwa maji, rula iweke kando. Nilinunua bomba la sindano la mililita 60 duka la dawa, shilingi 80, nikaamua nzima iwe mililita 600. Hapo nusu ni 300, theluthi 200, robo 150, humusi 120, sudusi 100, theluthi mbili 400, robo tatu 450. Mimina, piga alama usawa wa maji, kata kwa mkasi kwenye alama. Chagua chupa zilizonyooka ubavuni, utaona baadaye kwa nini.

Mchele kilo mbili, shilingi 360. Vikombe vya kwanza vilijazwa kwa kilima juu, hesabu zikakataa tena. Bibi akachukua kijiti akafuta juu ya kikombe: "Kibaba cha mfuto, si cha kilima. Na mtele si mtanga, muokote uliomwaika." Yaani mchele si mchanga, tuokote uliomwagika.

10 Februari: "Kwa nusu"

Swali la kwanza: 6 ÷ 1/2. Wanne walijibu 3.

Nilikuwa nimelisoma mimi mwenyewe kwa sauti: "Gawanya sita kwa nusu." Na sokoni, ukimwambia mtu gawanya samaki sita kwa nusu, atakupa watatu. Hawakukosea kusikia, mimi ndiye niliyewapa sentensi yenye maana mbili. Tukaiacha. Badala yake tunasema, "Ndani ya sita zimo nusu ngapi?" Mtoto akachota: kila nzima ina nusu mbili, sita zina kumi na mbili.

Hili ndilo badiliko lililosaidia kuliko vifaa vyote, na halikunigharimu senti. Kugawanya kwa sehemu ni kuuliza *zimo ngapi*. Kikombe kinapokuwa kidogo, unachota mara nyingi zaidi, kwa hiyo jibu linakua.

17 Februari: Kilichobaki, na kwa nini tunageuza

1¾ ÷ 1/2. Mchele wa nzima moja na robo tatu, chota kwa kikombe cha nusu. Wakachota mara tatu, ukabaki kidogo. Wakaupima uliobaki: robo ya nzima. Watano wakaandika 3¼, mmoja akaandika "3 baki 1/4".

Nilijaribu kulieleza kwa maneno, halikuingia. Nilijaribu kwa kanuni: 7/4 × 2/1 = 14/4 = 3½. Wakaniambia kanuni imekosea, kwa sababu mchele uliobaki wameupima na ni robo, macho yao yameona. Nilifurahi kwamba wanaamini mchele kuliko mimi, lakini sikuwa na jibu jioni ile.

Jumapili asubuhi nililipata. Nikawaita tena, nikawaambia mchele uliobaki usipimwe kwa kikombe cha robo, urudishwe kwenye *kikombe kilekile cha nusu*. Ukafika katikati yake. Ndiyo maana chupa zinyooke ubavuni: katikati ya kimo lazima iwe katikati ya ujazo. Mchele uliobaki ni robo ya nzima, na ni nusu ya kikombe. Swali lilikuwa vikombe vingapi, kwa hiyo jibu lihesabiwe kwa vikombe: vitatu na nusu. Yule wa "baki 1/4" hakukosea, kwa kuwa alitaja mabaki kwa kipimo cha nzima. Kosa la wale watano ni kuunganisha vipimo viwili kwenye namba moja.

Baada ya hapo njia mbili zilikwenda haraka.

Ya kwanza ni kufananisha asili. 1¾ ni robo saba, 1/2 ni robo mbili. Robo saba, kila mara unachota robo mbili: 7 ÷ 2 = 3½. Zikishakuwa kipimo kimoja, asili haina kazi tena. Ningemwanzisha kila mtoto hapa.

Ya pili ni kugeuza, ile wanayoifundishwa shuleni. Kikombe cha 2/3, mililita 400. Katika nzima moja, 600, vinaingia vingapi? Kimoja na nusu, yaani 3/2. Hicho ndicho kinyume cha 2/3: idadi ya vikombe vinavyoingia katika nzima moja. Ukiwa na nzima nne, vinaingia 4 × 3/2, yaani 6. Ukiwa na 5/6 ya nzima, vinaingia 5/6 × 3/2 = 15/12, yaani 1¼. Wakahakikisha kwa maji: 500 ndani ya kikombe cha 400, kimoja na robo.

Wawili waligeuza sehemu ya mbele badala ya ya nyuma, wakapata 4/5. Dawa yake ni kukisia kabla ya kuandika. Kikombe cha 2/3 ni kidogo kuliko mchele wa 5/6, kwa hiyo kimoja kizima lazima kiingie. Jibu lililo chini ya 1 haliwezekani.

24 Februari: Msumeno

Nilitaka kila mtoto awe na ubao wake wa kupigia mistari ya sehemu, urefu wa futi 3/4. Futi 3/4 ni inchi 9, sawa na robo-inchi 36, na 36 inagawika kwa 2, 3, 4, 6, 9 na 12. Nikanunua ubao wa futi 4½ kwa shilingi 600. Watoto walipiga hesabu barazani kwa fundi: 9/2 × 4/3 = 36/6 = 6. Sita kamili, mmoja kila mtu.

Fundi akatutazama. "Na msumeno atakula nini, mwanangu?"

Sikumsikiliza, nikamwomba akate inchi 9 tisa tisa. Msumeno wake hula thumni ya inchi kila anapopita. Mikato mitano ni 5 × 1/8, yaani 5/8 ya inchi, na kipande cha sita kikatoka inchi 8⅜. Hesabu ilikuwa sahihi, ila haikuwa hesabu ya swali lililokuwa mbele yetu. Ubao uliotakiwa ulikuwa wa inchi 54⅝. Fundi alitafuta kipande kwenye mabaki yake akatukatia cha sita bila kudai, na kukata kote akachukua shilingi 200. Msasa shilingi 60.

Kile kipande kifupi nimekitia sandukuni makusudi, na thumni tano zimeandikwa juu yake.

2 Machi: Mirathi

Ami yangu husomesha chuoni, yaani madrasa, na leo alikuja kukaa nasi. Aliwauliza: mtu amefariki, deni lake limelipwa, wazazi wake wametangulia, ameacha mke, mwana mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Kwa mirathi ya Kiislamu, mke hapo ana thumni. Mwana wa kiume hupata mara mbili ya wa kike.

Wakaandika: mke 1/8, wa kiume 2/3, wa kike 1/3. Ami akawaambia wajumlishe. Ikatoka 1⅛. "Mumegawa mali na thumni ya jirani," akasema.

Wakarudi kwenye manila, safu nane. Safu moja ya mke ikapakwa rangi, zikabaki saba. Theluthi mbili *ya saba kwa nane*: 2/3 × 7/8 = 14/24. Wa kike, 1/3 × 7/8 = 7/24. Mke, 3/24. Jumla 24/24. Neno "ya" liliwaokoa tena, kwa kuwa kosa lao lilikuwa kuchukua theluthi mbili bila kuuliza ni ya nini.

Akaongeza: wake wakiwa wawili, thumni ileile inagawanywa kati yao. Mmoja akaandika 1/8 ÷ 2 = 1/4, amegawanya asili. Mwenzake akakunja safu ya rangi katikati mbele yake: karatasi nzima sasa ina vipande kumi na sita vya ukubwa ule. 1/16.

9 Machi: Kabla ya Ramadhani

Wiki ijayo mwezi unaandama, daka litapumzika hadi baada ya Idi. Niliwapa maswali kumi na mawili, sita ya kuzidisha na sita ya kugawanya. Watatu walipata yote. Wawili walikosa moja moja. Mmoja alikosa matatu, yote ya kugawanya, na yote kwa kugeuza sehemu ya mbele. Huyo nimempa vikombe vitatu na kibakuli cha mchele akae navyo nyumbani, kwa sababu anapochota hakosei hata mara moja. Kosa linamjia akishika kalamu.

Gharama: manila sita 240, rula ya mita na kalamu za wino 350, mkate 400, mchele 360, bomba 80, ubao na kukata 800, msasa 60. Jumla shilingi 2,290. Ukiacha mkate, mbao na msasa wake, na manila mbili nilizoharibu, kwa bei za 2024 sanduku lilikamilika kwa 950, na mchele unarudi jikoni.

Baada ya Idi: kutengeneza kikombe cha thumni, mililita 75, ambacho tulikihitaji siku ya mirathi tukakikosa. Na jagi la nzima, la mililita 600, limepasuka shingoni, litafutwe jingine.